Kitako cha Mpingo

Ukimwona Polikarpo leo, na ndevu zile zilizomfika kifuani, usimwite shehe. Vijana wa kijiwe cha bodaboda pale Mbagala humwita hivyo, wakicheka, na yeye huitikia marahaba akapita zake. Ni Mkatoliki, tena wa kwaya, sauti ya nne, na maisha yake yote alikuwa mtu wa wembe kila Jumamosi jioni. Ndevu zile si za dini. Ni za msiba, msiba ambao ukoo mzima ulishaumaliza isipokuwa yeye, na uliozuia usiishe ni mkono wa ndugu yake mwenyewe.

Tuanze na ukoo, maana bila ukoo hutaelewa kitu. Polikarpo ni Mmakonde wa Newala, na kwao mtoto ni wa upande wa mama. Baba ni baba, atakulisha na atakuchapa, lakini mwenye wewe ni mjomba. Mjomba wa Polikarpo alikuwa Mzee Adelard, kaka wa mama yake Anastasia, mwindaji mfupi mwenye sauti nzito. Mzee alikuwa na bunduki ya mitutu miwili, ya marisau, zile za zamani zenye vinyundo viwili kwa nje vilivyosimama kama masikio ya mbuzi. Aliachiwa na mjomba wake, na huyo mjomba wake aliachiwa na wa kwake, ambaye inasemekana alipewa na padri wa misheni zama za Waingereza ili afukuze nguruwe mashambani. Mjomba kwa mpwa, mjomba kwa mpwa. Haikuwahi kwenda kwa mtoto wa kuzaa hata siku moja.

Bunduki ile ilikuwa na lugha yake kijijini. Ikilia mara moja, watu waliendelea na shughuli zao, maana pengine mzee amekosa. Ikilia mara mbili, kina mama waliinjika maji jikoni, kwa sababu nyama inakuja. Polikarpo alikua akilala na njaa na kuamshwa na milio miwili. Hadi leo anasema hakuna muziki uliowahi kumwingia hivyo, hata wa kanisani.

Na ilikuwa na kazi moja zaidi. Katika ukoo wao, mwenye bunduki akifa, mwaka ukitimia mpwa wake husimama kaburini akapiga mara mbili. Mlio wa kwanza ni wa kumwambia marehemu kwamba tumemaliza kulia. Wa pili ni wa kuwaambia walio hai warudi makwao wakale. Mpaka milio hiyo isikike, mpwa hanyoi ndevu. Hapo ndipo ndevu zilipotoka.

Polikarpo alikuja Dar es Salaam akiwa kijana, akaingia kwenye uchongaji wa vinyago. Alichonga kule Mwenge miaka mingi, watalii walipopungua akahamishia patasi zake nyumbani alikopanga, Mbagala, chini ya mabati mawili kando ya choo. Mwaka ule wa kwanza wa uchongaji, Mzee Adelard alipanda basi kutoka kusini na kumletea zawadi. Polikarpo alimpokea Ubungo, akamkuta amesimama stendi na gogo la mpingo begani, jeusi tii, lenye ukanda mmoja mweupe ubavuni. Makondakta wakimsonya atoke njiani, na yeye hatoki.

"Hili usiwachongee Wazungu," alimwambia. "Hili litakuja kukuambia lenyewe linataka kuwa nini."

Polikarpo akaliweka chini ya kitanda. Alikosa kodi, alikosa ada za watoto, wenzake wakamshauri aliuze, mpingo wa namna ile haupatikani tena. Hakuliuza. Mkewe Recho, Mhehe wa Iringa asiye na subira na vitu visivyo na kazi, alikuwa akijigonga kidole cha mguu kila akifagia, na kila akijigonga alilitukana. Gogo likakaa palepale.

Sasa Mzee Adelard naye alikuwa na mtoto wa kumzaa, Deogratias. Huyu alisoma, akapata kazi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, akajenga Bunju nyumba yenye ukuta, geti na vigae vya kuteleza. Mzee alipovimba miguu akaletwa mjini kutibiwa, unadhani alilala wapi? Bunju kwenye vyumba vya wageni? Thubutu! Deo alisema nyumba imejaa. Mzee alilala Mbagala, kwenye godoro sebuleni kwa Polikarpo, na Recho ndiye aliyemkanda miguu, akambadilisha shuka, akamlisha uji kwa kijiko. Deo alikuja siku za Jumapili, akasimama mlangoni kwa sababu ya viatu, akaacha matunda, akaondoka.

Siku ambayo mzee alijua hafiki mbali, alimshika Polikarpo mkono.

"Poli, isije ikanyamaza."

"Haitanyamaza, mjomba."

Ndiyo ahadi yenyewe. Maneno machache tu, na ndiyo yaliyomla yule mtu nyama mpaka leo.

Walimsafirisha, wakamzika Newala. Baada ya mazishi ukoo ukakaa kugawa vitu. Nyumba na mikorosho vikaenda kwa Deo, maana wazee siku hizi wanaogopa kesi. Kisha bunduki ikavutwa kutoka uvunguni. Jamani! Mzee alikuwa hajawinda miaka mingi, na mchwa walikuwa wamewinda kwa niaba yake. Kitako chote kilimwagika sakafuni kama unga wa mtama, kikabaki chuma chekundu kwa kutu, vinyundo vimegandia.

Deo akacheka. "Hiyo mpeni Poli. Si anajua kuchonga? Atatoa hata kinyago."

Watu wakacheka. Mama Anastasia hakucheka. Alikiokota kile chuma, akakizungushia khanga yake, akakiweka mapajani mwa mwanawe.

Lakini bunduki si kitanda, huwezi kuibeba tu ukaondoka nayo. Polisi wa kule waliwaeleza vizuri, bila ukali: silaha ya marehemu lazima ipate mwenye kibali, na mwenye kibali awe na nyumba inayoeleweka na kabati la chuma la kuifungia. Fundi mwenye leseni ndiye atakayekaa nayo wakati wa matengenezo. Polikarpo alipanga vyumba viwili. Mlango wake ulifungwa kwa kofuli la baiskeli.

"Braza, usihangaike," Deo akamwambia, akimpiga bega. "Andikeni jina langu. Mie nina kabati, nina ukuta. Karatasi ni karatasi tu. Bunduki ni yako, nani asiyejua?"

Na kweli, nani asiyejua? Polikarpo alikubali palepale, na shukrani akatoa. Recho alipoambiwa, aliweka mwiko chini.

"Umefanya nini, Baba Jenipher?"

"Jina tu, mama. La serikalini."

"Kwetu Iringa mtoto ndiye anayemrithi baba yake. Na huyo Deo amekaa mjini mno, anahesabu kama sie."

"Haiwezekani," Polikarpo akasema, na akacheka, maana ilikuwa kama kuambiwa kuku ananyonyesha. "Mtoto kurithi bunduki ya baba? Hata aibu hatasikia? Ukoo mzima utamtemea mate."

Usimwone mjinga. Polikarpo si mjinga. Ila alikulia mahali ambapo jambo likijulikana na wote linatosha, halihitaji mhuri. Na Deo alikulia palepale pia, kwa hiyo alijua vizuri kabisa mlango wa wapi haukufungwa.

Fundi waliyempata alikuwa Suhaib, wa Magomeni, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mwenye leseni yake ukutani. Chuma kilikaa kwake, kwa sheria. Polikarpo yeye alikuwa akitoka Mbagala na kipande cha mti kwenye mfuko wa sandarusi, anakwenda Magomeni, wanakijaribu, anarudi nacho kukichonga. Maana siku ile aliyorudi Mbagala kutoka mazishini, alikwenda moja kwa moja chini ya kitanda chake. Gogo lilikuwa limeshasema linataka kuwa nini.

"Mpingo?" Suhaib alishangaa. "We bwana, mpingo mzito, tena hauna mzaha. Chukua mninga."

"Mpingo," akasema Polikarpo.

"Utakuvunja bega."

"Wacha univunje."

Kazi ya kuoanisha mti na chuma si kazi ya kinyago. Kinyago ukikosea pua unamfanya mwenye pua ndogo. Hapa chuma lazima kikae ndani ya mti pasipite hata unywele, la sivyo bunduki ikilia mara moja tu mti unapasuka. Suhaib alimwonyesha: unapaka chuma masizi yenye mafuta, unakibana kwenye mti, ukikitoa, palipochafuka ndipo panapogusa, unakwangua hapo kidogo tu, unarudia. Polikarpo akapaka, akabana, akatoa, akatazama. Hakuona kitu. Masizi meusi kwenye mpingo mweusi, utaona nini? Suhaib alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Aliyepata dawa ni Recho. "Chukua poda yangu," akasema. Basi ikawa poda. Bunduki ya wanaume wa ukoo wa Mzee Adelard ikapakwa poda ya mwanamke wa Kihehe, ikanukia waridi, na kila palipobaki weupe kwenye mti mweusi Polikarpo alipakwangua kwa patasi ndogo kama ukucha. Miezi ikaenda hivyo. Vinyago vya kuuza vililala. Mteja aliyeagiza twiga alikwenda kwingine. Recho alinung'unika, kisha akanunua kopo jingine la poda.

Ule ukanda mweupe hakuuondoa. Aliuacha upite chini ya kitako, kuanzia shavuni hadi begani. Alipomaliza msasa, akakipaka mafuta ya nazi tu, hakukigusa kwa kiwi ya viatu. Kuna watu pale Mwenge wanachukua mti wowote, wanaupaka kiwi nyeusi, wanamuuzia Mzungu eti mpingo. Polikarpo hajawahi kufanya hivyo, na akikuona unafanya atakutukana mbele ya mteja.

Suhaib naye alikwangua kutu, akabadilisha springi, akasugua mitutu ndani mpaka ikawa kama kioo. Vinyundo vikaanza kwenda: ta, ta. Siku hiyo Polikarpo alivivuta, akavirudisha, akavivuta, mpaka Suhaib akamnyang'anya. Kisha Suhaib akaipeleka kuijaribu kwenye uwanja wa shabaha, mahali ambapo mtu kama Polikarpo haruhusiwi kuingia.

"Imelia?" alimuuliza aliporudi.

"Imelia, Poli. Mitutu yote miwili. Na kitako hakikutikisika hata chembe. Sijawahi kuona."

Polikarpo aliinamisha kichwa akalia. Hakuona haya. Wiki chache tu zilibaki mwaka utimie.

Ndipo Deo alipokuja kuichukua. Alikuja Magomeni na gari lake na kibali chake, Polikarpo yupo palepale anafuta mafuta. Akaitazama. Akapitisha kidole kwenye ule ukanda mweupe. Uso wake ukabadilika, na Polikarpo akadhani ni huzuni ya baba yake.

"Aisee, braza," akasema. "Hii ni kitu kingine kabisa."

"Tutakwenda nayo Newala Ijumaa ile ya msiba," akasema Polikarpo. "Utaibeba wewe, maana kibali ni chako."

"Usiwe na wasiwasi."

Suhaib aliangalia upande. Baadaye alisema, "Sheria, Poli. Mie ningefanyaje?" Na kweli angefanyaje.

Ijumaa ikafika. Ukoo wote ulikusanyika kule Newala, ugali umepikwa, pombe ipo, padri amekuja na amesoma, na Polikarpo amesimama kando ya kaburi na ndevu zake za mwaka mzima, mikono mitupu. Deo akafika mchana, kachelewa, kwenye gari lenye kiyoyozi, pamoja na mkewe Benedicta. Kwenye buti hakukuwa na bunduki. Kulikuwa na spika, zile za magurudumu, za kupigia singeli kwenye harusi.

"Polisi wamekataa," akawaambia wazee, kwa sauti ya mtu aliyehangaika. "Nimezunguka ofisi zote. Kusafirisha silaha mkoa kwa mkoa siku hizi ni ishu nzito. Lakini msijali, nimejipanga."

Akatoa simu. Akaigusa gusa. Na pale, kwenye kaburi la Mzee Adelard, spika ikatoa mlio wa bunduki. Pwaa! Wala haikuwa bunduki ya marisau, ilikuwa bunduki ya kwenye sinema, yenye mwangwi wa milimani, na Newala ile hakuna milima. Kisha ukaingia wimbo wa tangazo la soda, maana alikuwa hajalipia, akauzima haraka haraka, akatafuta tena. Pwaa!

Vijana waliziba midomo wasicheke. Wazee walitazamana. Halafu mmoja akasema, basi, imelia, tufanyeje, dunia imebadilika. Na watu wakaanza kuinuka kuelekea kwenye vyungu, kwa kuwa njaa nayo ipo. Mama Anastasia alibaki amekaa chini pale pale kando ya kaburi.

"Huyo si kaka yangu," akasema. "Kaka yangu hakuwahi kulia hivyo."

Akaletwa kinyozi na wembe na maji kwenye beseni. Polikarpo akakataa. Wakambembeleza, wakamkaripia. Mjomba mdogo mmoja akamwambia anauaibisha ukoo, anataka marehemu azunguke zunguke bila kupumzika. Akakataa.

"Nimemwahidi haitanyamaza," akasema. "Hiyo iliyolia siijui."

Deo alimshika bega akamvuta pembeni. "Braza, usinione vibaya. Mwakani nitahangaikia kibali cha kusafirisha. Mie pia ni baba yangu yule." Na aliyasema kwa uso wa huruma hivi kwamba Polikarpo akamwamini. Ndiyo! Akamwamini mara ya pili. Akarudi Mbagala na ndevu zake, akasubiri mwaka mwingine.

Hata hivyo mwaka haukufika. Jumapili moja Deo akapiga simu. Mtoto wake amepokea komunyo ya kwanza, kuna sherehe ndogo nyumbani, karibuni. "Na uje na bisibisi yako, braza. Kile kitako kimelegea kidogo, nadhani ni hili joto."

Polikarpo alifurahi, unaona? Alivaa shati la kwaya. Alichukua mfuko wa vifaa na ile khanga ya mama yake ya kuifungia bunduki. Aliwaza kwamba akikaza kitako vizuri, na akikumbushia habari ya kibali kwa upole, mbele ya wageni, Deo hatakataa.

Bunju nyumba ilijaa. Wageni walikuwa watu wa ofisini, wenye manukato. Na bunduki ilikuwa pale, sebuleni, ukutani, juu ya televisheni, kwenye kulabu mbili za dhahabu ya bandia, na taa ndogo ikiimulika. Haikuwa kwenye kabati la chuma hata kidogo.

"Aa, fundi wangu huyo, kafika!" Deo akaita. "Huyu ndiye fundi wangu wa Mbagala. Mnaona ile kazi pale juu? Mikono yake hiyo."

Fundi. Hakusema ndugu yangu. Hakusema mtoto wa shangazi. Polikarpo aliwasalimia wageni, akasimama na mfuko wake.

Mgeni mmoja akauliza kama ule mti ni mpingo wa kweli au kiwi.

"Mpingo mtupu," Deo akajibu. "Gogo lenyewe mzee alinibebea mwenyewe kutoka kusini, kwenye basi. Akaniambia, mwanangu, hili usiwachongee Wazungu. Basi nikampa fundi."

Mle ndani watu walisema "aisee" na "mzee alikupenda".  Habari ya gogo Polikarpo ndiye aliyemsimulia Deo, siku moja mzee akiwa mgonjwa pale sebuleni, Deo amesimama mlangoni na viatu vyake.

Akaiteremsha bunduki. Akaipeleka barazani, kwenye meza, akatandika ile khanga. Akafanya kile ambacho mikono yake ilizoea: akaweka kidole gumba kwenye kinyundo cha kulia, akakivuta, ili asikie ile ta.

Hakikwenda. Akavuta cha kushoto. Hakikwenda. Akaikunja mitutu ili ifunguke, haikukunjika. Akavaa miwani. Palikuwa na mstari wa kuchomelea, mbaya, wa fundi wa mageti, ukipita chini ya vinyundo vyote viwili na kwenye bawaba. Chuma kilikuwa kimeyeyushwa kikashikana. Mitutu ilikuwa imezibwa kwa ndani. Bunduki ile haingelia tena hadi kiama.

"Deo," akaita. Deo akaja na glasi mkononi. "Nani kafanya hivi?"

"Aa, hiyo. Ni Benedicta, braza. Aliogopa, watoto wanacheza. Na ukishaichomelea, hawa jamaa wa vibali nao wanakuwa hawana neno, unaweza kuitundika. Si inapendeza zaidi pale?"

"Lini?"

"Lini nini?"

"Uliichomelea lini?"

Deo akanywa kidogo. "Zamani. Ilipotoka tu kwa yule Suhaib."

Kabla ya Newala, basi. Kabla ya spika. Alipokuwa akiwaambia wazee eti amezunguka ofisi zote, bunduki ilikuwa imeshakufa na iko ukutani. Na alipomshika bega akamwahidi mwakani, alimwahidi huku akijua.

Polikarpo hakupiga kelele. Watu wangeona fundi amelewa. Alichukua bisibisi. Kitako kile kimeshikwa na skurubu mbili, moja juu na moja chini, mwenyewe alizipaka mafuta ya nazi zisigandie. Akazilegeza. Deo alisimama akitazama, anadhani anakaza. Skurubu ya pili ilipotoka, mti ukaachana na chuma bila hata kukwaruza, laini kabisa.

"We, unafanya nini?"

"Chuma ni chako, una karatasi," akasema Polikarpo. Akafunga mti kwenye khanga. "Mti nilipewa mimi, Ubungo, mbele ya makondakta. Nenda kawaulize."

"Poli, kuna wageni!"

"Waambie fundi kaondoka na kazi yake."

Benedicta alitoka akauliza kuna nini, na fundi anakwenda wapi kabla hajala.  Deo alishika kile chuma kwa mikono miwili, kilivyobaki: mabomba mawili na triga, hakina pa kukishikia wala pa kukitundika. Polikarpo alijifungulia geti mwenyewe.

Alifika Mbagala jua lingalipo. Recho alikuwa uani anaanika nguo. Alitazama khanga, akatazama uso wa mumewe, akaacha nguo kwenye beseni.

Polikarpo akakunjua khanga. Akasimama katikati ya uani, kati ya kamba ya nguo na mabati yake, akakiweka kitako begani. Kilikaa pale pale alipokipimia. Mbele ya kitako hapakuwa na kitu. Akafumba jicho moja.

"Pa!" akasema kwa mdomo wake.

Jirani mmoja dirishani akacheka, akadhani mzee anacheza na mjukuu. Polikarpo alifungua mdomo kutoa mlio wa pili. Haukutoka. Alisimama mdomo wazi, machozi yakimshukia kwenye ndevu, na yule jirani akafunga dirisha taratibu.

Recho aliingia ndani akarudi na wembe, sabuni na kigoda.

"Kaa nikunyoe, Baba Jenipher. Yatosha."

"Haijalia mara mbili."

"Haitalia. Wameiua."

"Najua."

Na hakukaa. Recho alishika wembe wake muda mrefu, kisha akaurudisha ndani, akaenda kumalizia nguo.

Mama Anastasia bado yu hai kule Newala, na kila akipiga simu huuliza swali moja tu, kama mwanawe ameshanyoa. Polikarpo humjibu bado, mama. Kitako kiko chini ya kitanda, palepale lilipokuwa gogo, na Recho akifagia hukisogeza kwa mkono, halafu hukirudisha.